Marehemu Pyo Mal-sun na Kitabu Ambacho Bibi Hafi

"Bibi, kwani hakuna kitabu hata kimoja ambacho bibi hafi?"

Swali hilo marehemu aliulizwa mwaka 2015 na mjukuu wake Sol, aliyekuwa na miaka saba, ndani ya duka lake la vitabu la Darakbang, barabara ya Olympic, Los Angeles. Mtoto alikuwa amesomewa kitabu cha tatu wiki ile, na katika vyote vitatu bibi wa Kikorea alipika supu, akasimulia habari za kijijini kwao, kisha akafa. Marehemu, ambaye watu walivuka mji mzima kuja kumuuliza wasome nini, alizitazama rafu zake zote. "Nipe muda nitafute," alisema. Waliomfahamu wanajua kwamba swali likimshinda, hata chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Pyo Mal-sun alizaliwa tarehe 11 Februari 1946 katika kijiji kimoja cha Gangjin, mkoa wa Jeolla Kusini, akiwa binti wa sita wa Mzee Pyo Chang-su na Mama Ma Bok-dan. Kwenye vyeti imeandikwa 1947, kwa sababu baba yake alisubiri mwaka mzima kabla ya kumwandikisha, aone kwanza kama baridi itamwacha. Jina Mal-sun alipewa kwa maana ya "wa mwisho", wazazi wakiomba wasichana wawe wameisha. "Hawakuisha," marehemu alipenda kusema. "Baada yangu walikuja wengine wawili. Mimi ni mwisho uliokataa."

Alianza shule ya msingi mwaka 1953, vita viliponyamaza, darasa likiwa chini ya turubai kwa kuwa paa lilikuwa limeungua. Mwaka 1962 alimaliza shule ya kati ya wasichana huko Mokpo. Mtihani wa kuendelea aliufaulu, lakini ada ilikuwa ya mtu mmoja, na nyumbani kulikuwa na kaka. Akapelekwa Gwangju kwa shangazi yake, aliyekuwa na duka la kukodisha vitabu vya katuni. Watoto walitoa sarafu, wakakaa kwenye benchi na kusoma humo humo. Kazi ya Mal-sun ilikuwa kupangusa vumbi na kuwazuia wasisome viwili kwa bei ya kimoja. Siku moja mtoto wa kiume alichagua kitabu, akakimaliza, akaangua kilio: hakikuwa alichokuwa akikitaka, na sarafu nyingine ingepatikana wiki ijayo. Kuanzia hapo binti Pyo akawa anamhoji kila mtoto kabla hajaketi. Hofu ya kumpa mtu kitabu kisicho chake ilimwingia siku hiyo na haikumtoka tena.

Tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Bwana Cha Ki-hwan, fundi wa kuchomelea vyuma. Mshenga aliwakutanisha kwenye mkahawa wa chai, na swali la kwanza la binti lilikuwa, "Wewe husoma nini?" Kijana akajibu, "Magazeti. Yale ya kufungia samaki." Mshenga alitamani ardhi ipasuke. Binti akakubali posa, akisema afadhali mjinga mkweli kuliko msomi mwongo. Mungu akawajalia watoto wawili, Yun-jeong na Seung-mo. Familia ilihamia Los Angeles mwaka 1979, na kwa miaka mitano marehemu alipunguza suruali za watu kwenye duka la dobi, akiwa amepanga vitabu chini ya cherehani kwa ajili ya watoto wa wateja waliokuwa wakisubiri.

Mwaka 1984 alifungua Darakbang, ghorofa ya pili, juu ya mkahawa wa supu ya mifupa, hivyo kwamba kila kitabu alichouza kilinukia supu. Aliweka vitabu vya maisha ya Wakorea, wa kule na wa huku Marekani, kuanzia vya mtoto anayeng'ata kurasa hadi vya mzee anayesoma kwa kioo cha kukuzia. Hakuvipanga kwa majina ya waandishi. Alivipanga kwa umri, na ndani ya umri kwa shida: wanaoona aibu ya chakula chao shuleni, wanaokaa kwenye kaunta ya duka la wazazi huku wenzao wakicheza, waliolelewa na Wamarekani na wanatafuta mama, waliofiwa na ndugu huko Korea Kaskazini bila kujua siku. Hata mgeni aliyekuja kununua kalamu tu alipokelewa kwa maswali yale yale: "Umekula? Umegombana na nani nyumbani?"

Mzee Maeng, jirani wa miaka mingi, yuko hapa leo na ameruhusu kisa chake kisomwe. Alipanda ngazi akihema, akataka kitabu cha kumtia adabu mjukuu wake wa miaka tisa.

"Hanisalimii, Mama Yun-jeong. Anapita kama gari la zimamoto."

"Na wewe humwambia nini akipita?"

"Namwambia asalimie."

Marehemu akamletea kitabu cha picha, chenye maneno machache, kuhusu babu na mtoto wanaovua samaki kwenye barafu bila kusemezana.

"Hiki ni cha watoto."

"Ni chako. Kisome, kisha mwite mtoto akusomee tena, ujifanye umesahau miwani."

"Nina miaka sabini na mbili, mama."

"Kitabu hakihesabu meno, Mzee Maeng."

Mzee aliondoka akinung'unika. Hakuwa amefika kwenye gari lake marehemu alipomkimbilia kwenye maegesho, bila viatu, akitaka kumnyang'anya kitabu kwa sababu ghafla alikumbuka kwamba barafu inapasuka kwenye kurasa za mwisho. Mzee alikataa kukitoa. Kukimbizana huko wateja wengi wanakujua. Marehemu alipendekeza vitabu kwa watu miaka arobaini, na kila mmoja alipompa mgongo, alibaki dirishani akikunja na kukunjua aproni yake. Baada ya moto wa ghasia za Aprili 1992, maduka ya Wakorea yalipochomwa, ulioacha mtaa wa pili ukiwa majivu, alianika vitabu vilivyoingiwa na moshi juu ya magari ya majirani. Watu walikuja kumuuliza kitabu gani kinaeleza mambo yale. Alisema hajakiona bado, na kwamba akikosea hicho hatajisamehe.

Mume wake alifariki mwaka 2011. Marehemu aliendelea na duka akisaidiwa na Seung-mo, hadi Agosti 2024 alipoanza kuumwa mgongo na kukataa chakula. Daktari alisema ni saratani ya kongosho, na imeshasambaa. Aliyetafsiri alikuwa Yun-jeong, mama yake Sol. Alisikiliza hadi mwisho, akamgeukia mama yake na kusema kwa Kikorea, "Tumbo lina vidonda. Anasema uache pilipili." Familia zetu nyingi hufanya hivyo: mgonjwa mzee haambiwi, mzigo hubebwa na jamaa. Lakini mzigo wenyewe ulikuwa mzito. Watoto wake walinong'ona kwenye korido, wakanawa macho, wakaingia wakicheka. Kila nesi aliyefungua mlango aliwashtua, asije akalitaja neno saratani mbele ya mama yao.

Sol alipewa kazi ya kupeleka vitabu wodini. "Beba chochote," mjomba wake Seung-mo alimwonya, "ila kisiwe na jeneza ndani. Bibi yako akiona jeneza ataanza kuhesabu."

Ndipo mjukuu akazunguka Darakbang, rafu baada ya rafu, akifungua kurasa za mwisho. Katika vitabu vya watu wazima, bibi alikufa mapema. Katika vya vijana alikufa katikati, ili msichana ajifunze jambo. Katika vya watoto alikufa mwishoni, chini ya mti unaochanua. Mwishowe alibeba vitatu: cha kuhesabu matunda ya kaki, cha mapishi, na cha sungura anayetwanga mchele mwezini.

Marehemu alivaa miwani, akavipanga juu ya blanketi.

"Nani kachagua?"

"Mimi, Bibi."

"Hiki cha kuhesabu ni cha mtoto ambaye hajatembea. Hiki cha mapishi, na mimi nimekatazwa pilipili. Na hiki, sungura." Akavua miwani. "Duka zima lile, Sol. Mtu anaacha vitabu vyote vizuri anabeba hivi, anakimbia nini?"

"Ni vyepesi, Bibi. Mikono yako imechoka."

"Mikono yangu haina neno. Mama yako amelia leo?"

Mjukuu aliutazama mlango. Hakuna aliyeingia.

"Basi, usijibu," marehemu alisema. "Wamekuapisha, usivunje kiapo. Ila mama yako akija, mwambie aniletee kimchi iliyokolea pilipili. Vidonda vyangu vimepona."

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyewaficha wao kwamba anajua. Yun-jeong alipomwambia atatoka kabla ya mwaka mpya, aliitikia na kuuliza nani atapika supu ya vitumbua vya mchele. Seung-mo alipogeuka ukutani, alimtuma maji ili apate pa kulilia. Sol peke yake alijua pande zote mbili, na siku zilivyopungua, naye akazidi kuogopa kwamba swali lake la utotoni litazikwa bila kujibiwa. Kuliuliza tena kungekuwa sawa na kusema kila kitu.

Pyo Mal-sun alifariki dunia asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, akiwa na miaka 78, mikono yake ikiwa mikononi mwa watoto wake. Ameacha binti, Bi Cha Yun-jeong, na mumewe Bwana Bang Jae-wook. Mwana, Bwana Cha Seung-mo. Mdogo wake, Bi Pyo Kkeut-nam wa Gwangju. Mjukuu mmoja, Bang Sol. Na watu wasiohesabika ambao nyumbani mwao kuna kitabu kinachonukia supu. Sasa na apumzike kwa amani, hofu ikae chini, asimkimbilie mtu tena.

Lile swali alilijibu Jumapili, tarehe 10 Novemba, baada ya ibada, Sol akiwa anampaka mafuta vidoleni, bila kuulizwa.

"Kile kitabu nilikipata," alisema. "Kipo kimoja. Bibi yu hai ukurasa wa kwanza, na yu hai ukurasa wa mwisho."

"Mbona hukunipa?"

"Mjukuu wake ana miaka saba ukurasa wa kwanza. Nikafika wa mwisho, bado ana saba. Nikakirudisha."