Kiti cha Benadeta

Mheshimiwa Diwani, uliyetuweka juani saa mbili tukikungoja, Mchungaji wetu, nawe Daktari Edgar unayestaafu leo, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliofuata harufu ya ndizi bila kualikwa: nawasalimu wote.

Mimi ni Kokushubira, mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha akina mama hapa Ihembe. Nimeombwa nimsifu Daktari. Nitamsifu, ila mwandiko wake nauacha, maana hata yeye hausomi.

Kanuni yetu mnaijua. Msibani kila mwanamke huja na kisu chake, na asiyemenya ndizi huhesabiwa hakuja. Mkamwana wangu Benadeta alikuja misiba minne akakaa tu na kisu mkononi, akisema mwili wote unamuuma, shingoni hadi nyayoni. Nani alimwita mvivu mbele za watu? Mimi. Nani alitaka afutwe kikundini, ili siku akifa, mumewe amzike peke yake? Mimi huyuhuyu.

Tulimtibu malaria mara sita, malaria yenyewe haipo. Mchungaji akafukuza pepo mara tatu. Pepo hakutoka, maana naye hakuwepo. Vipimo vikarudi safi, nikasema, mnaona?

Nikamburuta kwa Daktari aniandikie kwamba ni mzima. Akamsikiliza muda mrefu, akambonyeza mabega, kiuno, magoti, kisha akanigeukia.

"Mama, ukilima unachoka?"

"Nachoka."

"Ukishalala?"

"Naamka na nguvu."

"Huyu anaamka amechoka kuliko alivyolala, mwaka wa pili sasa. Vipimo safi vinaniambia tusitafute malaria tena, haviniambii kwamba haumwi. Ugonjwa huu unaitwa fibromialgia. Hauui, lakini unauma kweli."

"Dawa yake?"

"Zipo za kupunguza maumivu. Afanye kazi kidogo kidogo, apumzike kabla hajaishiwa nguvu. Na wewe unyamaze."

Ndugu zangu, miaka sitini na minne sikuwahi kuambiwa ninyamaze. Nililia njia nzima kwa aibu, na mgonjwa ndiye aliyenishika mkono.

Daktari, nasikia unakwenda Kaisho kufuga ng'ombe. Nao hawasemi panapouma, kwa hiyo wamepata mtu wao.

Kanuni tumeibadilisha. Leo nimemenya ndizi za watu wawili, zangu na zake. Benadeta yule pale, kwenye kiti cha mwenyekiti, anaandika majina ya waliohudhuria, na la kwanza ni lake, kwa amri yangu. Mkamwana wangu, nisamehe.

Ninyi wengine, mmenisikiliza na njaa zenu, asanteni. Nendeni mkale.