Ghafla Niliyobakiza

Mama zangu, shikamooni. Na nyie wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia! Mwenyekiti wa kikundi chenu cha wapenzi wa hadithi kanipa dakika tano, nami nimetoka Handeni na maneno ya siku tatu.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka juzi nilivunjika mguu, nikarudishwa kwetu Kwedizinga, nikawa wa kulala tu. Faraja yangu ilikuwa tamthilia moja ya kwenye runinga. Sasa mwishoni yule dada mhusika mkuu akaachwa siku ya kuvishwa pete, basi, ikaisha hivyohivyo! Nikasema haiwezekani. Nikaanza kuiendeleza mwenyewe kwenye simu, kila jioni natuma kipande kwenye grupu la wapenzi wa ile tamthilia. Watu wakajaa. Ndugu zangu, nawaambia, mtu umelala kitandani halafu kuna watu wanakusubiri, unapona nusu.

Lakini nilikuwa na ugonjwa mwingine, wa kuandika maneno yaleyale kila kipande. Ghafla mlango ukafunguliwa. Ghafla simu ikaita. Macho yao yakagongana. Moyo ukamlipuka paa! Akashusha pumzi ndefu. Msinicheke, na nyie mnayasoma hayohayo! Wasomaji wakaanza kuniita Mama Ghafla. Wengine wakatoka kwenye grupu kimyakimya. Siku moja nikatuma kipande kizima, asijibu hata mmoja. Nililia, sifichi. Nikasema basi, naacha.

Kesho yake nikatumiwa ujumbe wa sauti na mama mmoja anayeuza matunda Mombo, pale mabasi yanaposimama. Yeye husomewa na binti yake. "Mwanangu," akasema, "hao watu wako macho yanagongana kila siku, hayajavimba tu? Na huyo dada, acha kunitajia moyo wake. Niambie, siku aliyoachwa, mikono yake ilikuwa inafanya nini?"

Nilicheka, halafu nikaisikiliza tena. Maana mimi mwenyewe niliwahi kuachwa, na siku ile moyo haukulipuka popote. Nilikuwa napukuchua mahindi. Nikaletewa habari, nikaendelea kupukuchua. Vidole vikatoka malengelenge, gunia likajaa, na bado nikamwuliza mama kama kuna mengine. Habari hiyo nilikuwa sijamwambia mtu.

Basi yale mahindi nikampa yule dada wa kwenye hadithi. Sikuweka ghafla hata moja. Nikatuma, nikaifunika simu kwa mto. Nilipoifunua, jamani! Watu wamerudi, wanalia, wanabishana yale mahindi aliyala nani! Na yule mama wa Mombo kaleta sauti fupi: "Mwanangu, mimi siku yangu nilifua. Nikafua mpaka nguo zilizokuwa safi."

Nawashukuru walioniita Mama Ghafla. Waliniuma, ila walinisoma. Na yule mama namshukuru kuliko wote. Ni mwenzenu humu, ndiye aliyenialika, jina simtaji, ingawa naona anajifunika kanga. Kwa wenye kuandika nasema hivi: neno likikujia mbio kabla hujaliita, lisubirishe nje kwanza. Kumbuka mikono ilikuwa inafanya nini.

Ghafla nimebakiza moja tu, nimeitunza kwa ajili ya leo. Nimeshuka stendi ya hapa Korogwe, nimetembea mpaka mlango ule bila magongo. Sikuwahi kumwona yule mama, nilijua sauti yake tu. Nikaingia, sauti ileile ikaniita, "Mwanangu!" Ghafla, ndugu zangu, macho yetu yakagongana! Mnisamehe, ndivyo ilivyokuwa.