Bibi Kivuli na Sayari ya Jumatatu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuzikodolea nyota macho, Bibi Kivuli anastaafu tarehe 30 Juni, mwisho wa saa za kazi. Hapa kwenye kituo cha darubini hakuna aliyewahi kumwona akiondoka mwisho wa saa za kazi, kwa hiyo tusubiri tuone.

Wasifu huu wa kumuaga ulizungushwa idara zote uandikwe, na kila idara ghafla ikawa na shughuli nyingi. Ukaniangukia mimi, mjukuu wake, ninayekuja wakati wa likizo kupanga picha za darubini. Nyumbani tunaongea lugha moja, shuleni nyingine, na katika zote mbili mimi hukaa kimya. Kwenye karatasi najikakamua.

Bibi hutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, hasa zile ambazo hazikukaribia nyota yao zikaungua wala hazikukaa mbali zikaganda. Huko maji yanaweza kutiririka, na pengine kuna kiumbe anayelalamikia bei za vitu. Sayari zenyewe hazionekani. Kinachoonekana ni nyota kufifia kidogo sayari ikipita mbele yake, mfano wa nzi kwenye taa ya uwanja wa mpira. Fundi wa darubini ndiye aliyempachika jina la Bibi Kivuli. Bibi alinuna wiki nzima, kisha akaanza kujitambulisha nalo kwenye simu.

Amefundisha watafiti wengi, akiwemo mkurugenzi wetu, ambaye siku zake za mwanzo alichunguza kwa makini nyota mpya kabisa iliyokuwa tone la chai kwenye kioo cha kompyuta. Bibi alimwacha amalize.

Lakini Bibi naye si malaika. Miaka ya nyuma alipata sayari. Nyota ilififia, wiki iliyofuata ikafifia tena, na iliyofuata tena. Alishanunua viatu vya kwenda kuitangaza mkutanoni. Siku moja, kijiko cha maharage kikiwa njiani kwenda mdomoni, mkono ukamganda. Ilikuwa Jumatatu. Kila mara ilikuwa Jumatatu. Sayari gani hiyo inayofuata kalenda yetu? Akainuka akaenda kuangalia bomba la moshi la jikoni, lililo chini kidogo ya mlango wa darubini. Jumatatu usiku ndipo yanapochemshwa maharage ya wiki nzima, na mvuke ulikuwa unapanda mbele ya nyota yake. Aliwatangazia wote mwenyewe, amevaa vile viatu. Mpishi bado anadai sayari ile ipewe jina lake.

Bomba halijahamishwa hadi leo. Kwa hiyo kila penye nyota muhimu Bibi humwomba mpishi azime jiko, na mpishi hajawahi kukubali. Jibu lake ni lilelile: "Mama, nyota zina mamilioni ya miaka. Watu hawa wana njaa ya leo."

Sasa kuna nyota moja ambayo imefifia mara mbili, miezi saba kati ya mara hizo, na haikuwa Jumatatu. Ikififia mara ya tatu kwa wakati wake, Bibi ataruhusu iitwe sayari, tena ya kukalika. Mpaka hapo anaiita "mgeni". Mgeni anatarajiwa tarehe 9 Oktoba. Kadi ya Bibi ya getini inakufa Juni.

Aliomba aongezewe miezi minne. Mkurugenzi alimjibu akiangalia meza kwamba umri ni umri. Bibi akasema, "Sawa mwanangu," na jioni hiyo nyumbani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mimi niliviona, nikavipanga.

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kupanga sherehe hii, mpishi aliuliza kama saa ya ukutani ndiyo zawadi kweli. "Mwanamke huyu akizuiwa getini siku ya mgeni wake," akasema, "kuanzia hapo mtajipikia." Mkurugenzi akakohoa, kisha akasema kwamba hakuna sheria inayomzuia yeye kualika mtu, na kwamba kiti cha Bibi hakiwafai wengine hata hivyo, kimeshajikunja kwa umbo lake.

Asante, Bibi, kwa kutufundisha kutilia shaka hata tunachokitamani. Tunakutakia usingizi wa mchana, magoti yasiyolalamika, na Oktoba isiyo na wingu. Tarehe 9 sote tutakula mkate mkavu. Mpishi amesema jiko litakuwa limezimwa, na hakuna aliyemwomba.