Mama Enelesi Makwinja, Aliyekunywa Uji wa Watoto Wachanga

Marehemu Enelesi Makwinja alizaliwa tarehe 3 Juni 1949 huko Thyolo, mtoto wa tano wa Bwana na Bibi Namaona. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwalimu wake alisema hakufukuzwa. Ni sauti yake tu iliyokuwa kubwa kuliko darasa.

Mwaka 1967 alianza kuchuma chai, na mwaka uliofuata akafunga ndoa na Wyson Makwinja, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Walijaliwa watoto wanne. Wa kwanza alipogoma kunyonya, Enelesi alilia naye, mpaka jirani akamwonyesha namna ya kumpakata. Tangu hapo hakumpita mzazi yeyote bila kumsaidia kunyonyesha. Akina mama walijaa nyumbani kwake hata Mzee Wyson akawa anapiga hodi mlangoni mwake mwenyewe: "Jamani, mwenye nyumba aingie, au bado mnanyonyesha?"

Mwaka 1988 Ethel, mchuma chai mwenzake, alijifungua mtoto aliyekataa ziwa. Mtoto alianza kulegea, na mama yake Ethel, Bibi Elube, akakoroga uji mwepesi.

"Maziwa ya binti yangu ni maji matupu," alisema. "Mjukuu wangu atakufa njaa."

Enelesi, aliyekuwa amekuja kumwona mzazi, hakubishana. Alipokea kikombe, akaketi mkekani, akaanza kuunywa uji ule yeye.

"We Enelesi! Huo wa mtoto!"

"Umekolea, bibi. Hebu niambie, Ethel ulimnyonyeshaje hata akanona hivi?"

Bibi Elube hakujua kukataa sifa. Alimpakata mjukuu ili aonyeshe, kisha akamlaza kwa mama yake, tumbo kwa tumbo, huku akifoka: "Si hivyo! Subiri apanue mdomo. Haya, sasa!"

Mtoto akashika, akanyonya kwa kelele kama mtu anayekunywa chai ya moto. Bibi Elube akalia. Enelesi akamaliza uji. Toka siku hiyo, bibi wengi wa Thyolo walipomwona anakuja walificha sufuria.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa hospitalini mwezi Julai mwaka huu. Tarehe 11 Agosti mjukuu wake Tadala alimletea kitukuu mchanga, analia, na kila aliyekuwepo akitoa maelekezo yake. Marehemu alisema bila kufumbua macho: "Tadala, mlete mtoto kwenye ziwa, usimkimbize nalo. Na nyinyi wengine tokeni nje."

Walitoka wote, hata daktari. Waliporudi, kitukuu alikuwa ameshiba. Mama Enelesi aliaga dunia alfajiri iliyofuata.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu huyo. Akina mama wenye wachanga, mikeka ya mbele ni yenu. Nyonyesheni hata mchungaji akiwa anaomba. Apumzike kwa amani mama yetu. Kilio cha watoto hakikuwahi kumkosesha usingizi; kilichomkosesha ni ushauri wa watu wazima.