Sanamu Iliyokohoa

KIPIMAJOTO: Haloo, kituo cha kupima maji hapa. Nani mwenzangu?

MAKOPO: Dada, ni mimi.

KIPIMAJOTO: Mimi nani? Huku upepo mtupu, sema kwa sauti.

MAKOPO: Mdogo wako! Wa kiwandani!

KIPIMAJOTO: Aa, Bwana Makopo. Kumbe namba yangu bado unayo.

MAKOPO: Shikamoo dada. Samahani, nimechanganyikiwa. Wazima huko?

KIPIMAJOTO: Marahaba. Huku niko peke yangu na vipimajoto vyangu, sote wazima. Mbona unahema?

MAKOPO: Sihemi. Dada, una dagaa?

KIPIMAJOTO: Nina nini?

MAKOPO: Dagaa. Mmoja tu.

KIPIMAJOTO: Meneja wa kiwanda cha dagaa wa makopo ananipigia mimi kuomba dagaa mmoja?

MAKOPO: Usicheke.

KIPIMAJOTO: Sicheki, ni mtandao.

MAKOPO: Leo tunazindua sanamu.

KIPIMAJOTO: Lile dude la saruji?

MAKOPO: Ni dagaa wa mita tisa, dada, amesimama kwa mkia, anamwaga maji mdomoni. Mgeni rasmi anafika saa nne. Na ratiba inasema— ngoja nisome— “mgeni rasmi atashika dagaa hai aliyevuliwa alfajiri, atapigwa picha, kisha atatoa hotuba.”

KIPIMAJOTO: Na huyo dagaa hai yuko wapi?

MAKOPO: Ndiyo maana nimepiga.

KIPIMAJOTO: Siku ya ngapi leo bila dagaa?

MAKOPO: Ya kumi na moja. Boti zinarudi na konyeza watupu. Nyavu zimejaa hayo madude ya utelezi, utadhani kuna mtu kapenga kamasi bahari nzima.

KIPIMAJOTO: Sasa hizo kelele nyuma yako? Nasikia mitambo.

MAKOPO: Mitambo inafanya kazi.

KIPIMAJOTO: Kazi gani?

MAKOPO: Inafunga makopo.

KIPIMAJOTO: Yenye nini ndani?

MAKOPO: Yenye... nafasi.

KIPIMAJOTO: Unafunga makopo matupu!

MAKOPO: Punguza sauti! Nimewaambia akina mama ni majaribio ya mitambo. Mgeni rasmi hawezi kukuta kiwanda kimya. Wako sitini kwenye mstari, wanapima, wanafunika, wanabandika karatasi.

KIPIMAJOTO: Na mama yetu?

MAKOPO: Yuko mwisho wa mstari, anakagua ubora kama kawaida.

KIPIMAJOTO: Anakagua ubora wa nini?

MAKOPO: Amerudisha mawili. Kasema hayajajaa vizuri.

KIPIMAJOTO: Basi anajua.

MAKOPO: Hajui.

KIPIMAJOTO: Mama amepanga dagaa kwenye makopo miaka thelathini na moja, leo asijue kwamba—

MAKOPO: Tumwache mama! Dada, ile chupa kwenye rafu yako. Si ina dagaa ndani?

KIPIMAJOTO: Yule ni wa maonyesho. Yuko kwenye dawa tangu naanza kazi.

MAKOPO: Macho bado anayo?

KIPIMAJOTO: Moja.

MAKOPO: Linatosha, picha tutapiga ya upande.

KIPIMAJOTO: Mtu akimshika atanuka chumba cha maiti.

MAKOPO: Tutampaka ndimu. Namtuma dereva sasa hivi, asiende kasi asije akam—

KIPIMAJOTO: Mdogo wangu, nisikilize. Miaka mitatu nimekwambia jambo hili.

MAKOPO: Uliniambia maji yanapanda joto kidogo! Nusu digrii, ulisema, kwa mdomo wako! Mimi nikajua na dagaa watapungua kidogo kidogo, na sisi tutapunguza kazi kidogo kidogo, hadi nistaafu. Nani angejua wataondoka wiki moja, wote, kama waliopigiwa kengele?

KIPIMAJOTO: Umekaa?

MAKOPO: Nimekaa.

KIPIMAJOTO: Egemea kiti nyuma. Miguu ya mbele inyanyuke.

MAKOPO: Dada, mgeni rasmi—

KIPIMAJOTO: Egemea. Umeanguka?

MAKOPO: Hapana.

KIPIMAJOTO: Ongeza kidogo.

MAKOPO: Bado.

KIPIMAJOTO: Sasa nusu ya hapo.

MAKOPO: (kishindo)

KIPIMAJOTO: Haloo?

MAKOPO: ...Niko chini.

KIPIMAJOTO: Uliegemea kidogo kidogo. Mbona hukuanguka kidogo kidogo?

MAKOPO: Kiwiko changu!

KIPIMAJOTO: Na sasa huegemei tena. Kiti kimesimama chenyewe?

MAKOPO: Kimelala.

KIPIMAJOTO: Ndiyo bahari yetu hiyo. Maji ya moto yamekaa juu kama kifuniko, ya chini, ya baridi, yenye chakula, hayapandi. Dagaa wamekosa chakula wakahama. Konyeza wakakuta nyumba tupu, wakaingia. Na mayai ya dagaa yaliyobaki wanayala wao. Hata joto likishuka kesho, mwenye nyumba ni—

MAKOPO: King'ora! Dada, kafika! Saa tatu na nusu, kafika! Ngoja natoka nje, usikate—

(mkwaruzo)

KIPIMAJOTO: Haloo? Hebu niambie, hiyo sanamu inapata maji wapi?

MAKOPO: Bomba la baharini. Hilo hilo linalopoza mitambo.

KIPIMAJOTO: Lina chujio?

MAKOPO: Tumelitoa jana. Maji yalikuwa yanadondoka kama mafua, haikuwa heshima.

KIPIMAJOTO: Wee! Usifungue hayo maji!

MAKOPO: Fundi bomba ameshashika—

KIPIMAJOTO: Mzuie!

MAKOPO: Mgeni rasmi anakata utepe, siwezi kupiga kelele. Aha! Yanatoka! Maji safi, juu kabisa! Unaona? Wewe unapenda kutisha wa— Sanamu inakohoa.

KIPIMAJOTO: Inakohoa vipi?

MAKOPO: Inakohoa kama mtu. Kuna kitu kimekwama kooni. Inatetemeka. Oo. Oo, dada.

KIPIMAJOTO: Nini?

MAKOPO: Imetapika.

KIPIMAJOTO: Konyeza?

MAKOPO: Wakubwa kama beseni! Kwenye zulia, kwenye meza kuu, kwenye mashada ya maua... Mgeni rasmi ana konyeza kichwani.

KIPIMAJOTO: Anawasha huyo! Mtoeni!

MAKOPO: Amevaa kofia, hajajua. Anapiga makofi. Dada, watu wote wanapiga makofi.

KIPIMAJOTO: Jamani.

MAKOPO: Anauliza kama hii ndiyo bidhaa yetu mpya. Katibu wake ameshaandika. Anauliza inaliwa na nini.

KIPIMAJOTO: Umemjibu?

MAKOPO: Bado. Mitambo imezima. Bomba limeziba. Akina mama wametoka nje wote sitini, wananiangalia. Mama yuko mbele.

KIPIMAJOTO: Anasemaje?

MAKOPO: Hasemi. Ananitazama vile alivyokuwa akinitazama nikidai nimenawa mikono.

KIPIMAJOTO: Basi.

MAKOPO: Nikisema ni bidhaa mpya, nina kazi hadi mwisho wa mwaka.

KIPIMAJOTO: Unayo.

MAKOPO: Na wao wanakuja kesho kufunga makopo matupu.

KIPIMAJOTO: Watakuja, ukiwaita.

MAKOPO: Niambie niseme nini.

KIPIMAJOTO: Sikwambii. Mimi nimesema hadi koo limenikauka.

MAKOPO: Usikate. Shika hapo hapo.

(mkwaruzo, kipaza sauti kinapiga mluzi)

MAKOPO: (kwa mbali) Mgeni rasmi... mabibi na mabwana... akina mama. Hii si bidhaa. Dagaa hawapo. Wameondoka siku kumi na moja zilizopita. Makopo ya leo hayana kitu, na mimi nilijua.

(viti vinaburutwa, gari linaondoka)

KIPIMAJOTO: Haloo? Mdogo wangu? Upo?

MAKOPO: Nipo.

KIPIMAJOTO: Imekuwaje?

MAKOPO: Mgeni rasmi ameondoka. Konyeza hakuna aliyethubutu kumgusa, wamepanda gari pamoja.

KIPIMAJOTO: Na akina mama?

MAKOPO: Wamekalia viti vya wageni. Wanakunywa soda za wageni. Hawajanipiga.

KIPIMAJOTO: Mama je?

MAKOPO: Amenipangusa shati. Kasema, “Nilidhani utatuzungusha hivi hadi Ijumaa.”

KIPIMAJOTO: (kicheko)

MAKOPO: Dada, wanauliza dagaa watarudi lini.

KIPIMAJOTO: Waambie sijui.

MAKOPO: Siwezi kuwaambia hivyo, wewe ndiye mtaalamu!

KIPIMAJOTO: Ndiyo maana sijui. Huenda ni miaka. Huenda wakaja samaki wengine kabisa, nasi tujifunze kuwavua upya. Huko kujifunza hakutaki kusubiri.

MAKOPO: Njoo uwaambie wewe. Watakusikiliza, nakuapia. Na wanataka maandishi, wanataka wasome wenyewe. Una kitu chochote cha maandishi?

KIPIMAJOTO: Si nilikuletea? Kurasa mia na kumi na mbili, na michoro.

MAKOPO: Dada, kile kitabu...

KIPIMAJOTO: Najua kiliko.

MAKOPO: Huwezi kujua.

KIPIMAJOTO: Kiko chini ya kabati la mafaili. Mguu wa kushoto.

MAKOPO: Umejuaje?

KIPIMAJOTO: Nilikuja ofisini kwako mwaka juzi, ukaniagizia chai, ukatoka kidogo.

MAKOPO: Ukakiona. Na hukusema neno?

KIPIMAJOTO: Nililisukuma kabati. Lilikuwa halitikisiki hata chembe.

MAKOPO: Dada, nisame—

KIPIMAJOTO: Salio lako linalia, nalisikia. Kitoe, ukifute vumbi, muanze kusoma, nami nakuja. Anzia ukurasa wa nne. Tatu za mwanzo ni shukrani tu.

MAKOPO: Wa nne. Sawa.

KIPIMAJOTO: Wewe nimekushukuru ukurasa wa pili.

MAKOPO: (hatua za haraka, mlango wa ofisi unafunguka)

KIPIMAJOTO: Na usilinyanyue kabati peke yako, kiwiko hicho, litakuan—

MAKOPO: Haloo? Dada? Haloo? ...Mama! Mama, njoo unishikie kabati!