Muhtasari Tulioomba, Muhtasari Tuliopewa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, tunakusalimu kwa Kisukuma: mwangaluka. Umetukuta tumo lamboni tunazoa tope, wengine bado wameshika majembe. Tuwie radhi kwa kukupokea hivi. Mvua haziko mbali. Karibu Mwabasiga.

HISTORIA
Lambo hili walilichimba wazazi wetu kwa mikono. Ng'ombe wetu wanakunywa hapa, na sisi tunachota hapa.

MAFANIKIO
Tumetenga kwa uzio upande wa watu na upande wa mifugo. Tulitaka kueleza zaidi, lakini linalofuata limetuzidi.

CHANGAMOTO
Mwezi uliopita tulikuta bikoni, ile nguzo ya wapima ardhi, imesimikwa ndani ya lambo. Mtendaji wa kijiji akatuambia kuwa baraza la madiwani limempa mtu eneo hili ajenge mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Mheshimiwa, mtambo huo unatumia sumu. Mkutano wa kijiji haukuulizwa.

Tulikwenda kwenye kikao kilichofuata. Ilipofika hoja ya lambo, ikatangazwa kwamba baraza limejigeuza kamati, wageni watoke. Mwenzetu Mama Ghati akamwuliza taratibu mlinzi aliyetutoa, "Sisi ni wageni wa nani, baba?" Mlinzi akafunga mlango.

Tukaandika kuomba muhtasari wa kile kikao kilichogawa eneo. Tukapewa mistari miwili: ardhi ilijadiliwa, ardhi ikapitishwa. Tulipouliza, ofisa akasema, "Si mliomba muhtasari? Ndio huo."

Mzee Mabula akamwambia, "Basi tupe na mrefu wake."

Ofisini walicheka. Sisi hatukucheka.

Hatumtuhumu mtu. Huenda madiwani walikuwa na sababu njema. Lakini sababu njema ingesemwa mlango ukiwa wazi. Tumekasirika, Mheshimiwa, na tunakuambia hivyo kwa heshima.

MAOMBI
Tunaomba kumbukumbu kamili za kikao kile: nani alipendekeza, nani alipinga, diwani wetu alisema nini. Tunaomba pia hoja ya lambo ikirudi barazani, tuachwe tukae ndani, kimya, tusikie mpaka mwisho.

Mungu akujalie afya, na akupe moyo wa kuliuliza baraza tunayoyauliza sisi.

Leo hatutamaliza. Upande wa kusini bado, na kesho tutaanzia penye bikoni. Hatutaing'oa. Tutazoa tope kuizunguka mpaka tuambiwe ni nani aliyeagiza isimikwe.

Imesomwa na Asteria Ngusa,
kwa niaba ya Watumiaji wa Lambo la Mwabasiga.