Kidole Kilichochelewa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wahitimu mliokaa kama mmemeza rula: nawasalimu. Niliyemruka asinune. Shule sikuipitia hata mlangoni, na orodha ya majina niliyopewa nimeikalia.

Nimeambiwa niseme kwa niaba ya wazazi. Kwa nini mimi, sijui. Mambo mengi ya humu siyajui, na leo nayajua kidogo kuliko jana.

Mjukuu wangu ni yule pale mwenye gitaa. Miaka minne namsikia akipiga uzi mmoja. Gumba linashuka kwenye nyuzi nene, halafu vidole vitatu vinapokezana kwenye uzi uleule mwembamba, cha pete, cha kati, cha shahada, mbiombio, mpaka sauti itetemeke kama haikatiki. Wenyewe wanaita tremolo, na eti sikio lisitambue kidole kipi kimepiga. Nikamuuliza, "Kama hutaki tujue ni vidole vitatu, si upige kwa kimoja?" Akasema, "Bibi, kimoja hakifiki." Haya. Nyinyi mmeelewa?

Lakini masikio ninayo. Mimi ni fundi cherehani. Mshono ukiruka nausikia kabla sijauona. Na huyu alikuwa anaruka. Ti-ti, kimya kidogo, ti. Kama mtu anayechechemea. Mwaka jana wakamfelisha kwa hilohilo.

Nikavaa viatu nikaenda kwa mwalimu wake. Nikamwambia, mbadilishie wimbo, kidole chake cha pete ni kibovu. Alipokuwa na miaka sita alikuwa ananishikia kitambaa, mimi nikakanyaga cherehani kabla hajatoa mkono. Sindano ikapita. Kovu lipo. Kila alipochechemea kwenye uzi, nilikuwa nausikia mguu wangu mwenyewe ukikanyaga.

Mwalimu, mtu mpole hadi anakera, akasema, "Kaa, bibi." Akamwita mjukuu, akamtaka apige kidole kimoja kimoja, na kile kidude cha kuhesabu mapigo kikigonga. Polepole, ningeweza kushona pindo la suruali kati ya pigo na pigo. Cha pete: kimewahi. Cha kati: kimewahi. Cha shahada, kizima, hakijachomwa hata na mwiba: kimechelewa!

"Hiki cha kovu alikihofia, akakifanyisha mazoezi kila siku," mwalimu akasema. "Hicho kizima alikiamini tu."

Nilirudi nyumbani nikashona mkono wa shati mahali pa kola. Miaka kumi na minne nimebeba kosa, kumbe kuchechemea hakukutoka pale. Sasa niutue mzigo? Niutue wapi, na sindano si ilipita kweli? Au nishukuru? Mtu anaishukuruje sindano? Nilimuuliza mjukuu mwenyewe, akacheka: "Bibi, we shona." Hilo nalo ni jibu?

Akaanza upya. Kila asubuhi kabla ya chai, kitambaa kimebanwa chini ya nyuzi zisipige kelele, polepole mpaka nasinzia, kidole kile kivivu kikipewa kazi ya kuanza. Mwezi baada ya mwezi. Sasa wanasema amefaulu, karatasi inasema hivyo. Mimi karatasi sisomi. Nitasikia hapahapa, mbele yenu.

Jambo moja tu halijanichanganya. Siku ile ya sindano nilinunua bendeji, nikanunua na biskuti, nikamgombeza kwa kulia. Pole sikumpa. Mjukuu wangu, pole. Ni mimi niliyekanyaga.

Usinifanyie macho hayo, utalowesha gitaa la watu. Piga.

Na nyinyi, akimaliza, mtu asije kuniambia kidole kipi kilikuwa kipi. Mkiweza kunitajia, basi arudi darasani. Walimu, ahsanteni kwa kuwavumilia bibi na mjukuu wake. Wengine wote, mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu, nawashukuru; sasa mpeni yeye.